Jinsi ya Kuisikiliza Native Dancer: Mwongozo Kamili wa Albamu ya Wayne Shorter na Milton Nascimento

Mtajie jazi mtu mzima wa hapa kwetu, naye atakutajia Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, Western Jazz, au Jamhuri Jazz ya Tanga. Bendi hizo zilipiga muziki wa dansi, na mzuri sana, lakini jazi waliyoibeba kwenye majina yao haikuwa ile ya Marekani. Ndiyo maana msikilizaji aliyelelewa na dansi akikutana na jazi ya Kimarekani mara nyingi hukwama dakika ya pili: mwimbaji haingii, sebene haliji, saksafoni inazunguka tu. Fyusheni, yaani jazi iliyochanganywa na fanki, roki na vinanda vya umeme, ndiyo humchanganya zaidi.

Kama umewahi kukwama hivyo, anzia kwenye Native Dancer. Ilirekodiwa Los Angeles mwezi Septemba 1974, na kampuni ya Columbia ikaitoa mwaka 1975 kwa jina la Wayne Shorter akishirikiana na Milton Nascimento. Ina nyimbo tisa, na zote kwa pamoja hazifiki dakika 45. Tano kati ya hizo ni tungo za Milton, na huyo ni mwimbaji, kwa hiyo utapata mahali pa kushika.

Ina hatari moja: ni laini. Unaweza kuiwasha ukapika vitumbua, vikaiva, albamu ikaisha, na usikumbuke kitu. Tena wengi wakisikia Brazili hutega masikio kwenye ngoma, wakitafuta samba na kanivali. Kwenye albamu hii ukitafuta huko utaambulia kidogo. Brazili iliyomo humu iko kooni mwa Milton na kwenye tuni zake. Ngoma zinafuata nyuma. Hatua zote zilizo hapa chini zimejengwa juu ya hilo.

Hatua ya 1: Wajue waliomo kabla hujabonyeza

Wayne Shorter alizaliwa Newark, New Jersey, mwaka 1933 na kufariki Machi 2023. Alipita kwenye bendi ya mpiga drams Art Blakey, akaingia kwenye kundi la mpiga tarumbeta Miles Davis mwaka 1964, na mwaka 1970 akaanzisha kundi la fyusheni la Weather Report pamoja na mpiga kinanda Joe Zawinul. Alikuwa mpiga saksafoni hodari, lakini wenzake walimheshimu zaidi kama mtunzi. Hilo likumbuke, maana kwenye albamu hii anapiga kama mtunzi: anapima kila anachoweka.

Milton Nascimento alizaliwa Rio de Janeiro mwaka 1942, lakini Rio haikumlea. Alikulia Três Pontas, mji mdogo wa kahawa katika jimbo la Minas Gerais, kwa wazazi waliomchukua kama mtoto wao. Minas haina bahari. Ni nchi ya milima, machimbo, makanisa ya zamani na reli. Baadaye, jijini Belo Horizonte, Milton alijumuika na vijana wenzake, wakiwemo ndugu wawili Márcio na Lô Borges na mwandishi wa mashairi Fernando Brant. Kundi lao lilijulikana kama Clube da Esquina, na mwaka 1972 Milton na Lô wakatoa albamu ya santuri mbili kwa jina hilohilo. Humo mna nyimbo za kanisani, muziki wa mashambani wa Minas, jazi, na Beatles. Bossa nova, ule muziki laini wa ufukweni mwa Rio, imo kwa mbali.

Piano iko mikononi mwa Herbie Hancock, aliyekaa na Shorter miaka kadhaa kwa Miles Davis. Hancock hakuwa mgeni kwa Milton pia: alipiga kwenye Courage, albamu ambayo Milton aliirekodi Marekani na ikatoka 1969. Na kuna jambo ambalo msomaji wa Kiswahili atalifurahia. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Hancock aliongoza kundi ambalo kila mmoja alikuwa na jina la Kiswahili. Yeye alikuwa Mwandishi, na albamu yake ya 1971 inaitwa hivyohivyo. Mpiga besi Buster Williams alikuwa Mchezaji, mpiga drams Billy Hart akawa Jabali, mpiga tarumbeta Eddie Henderson, ambaye kweli alikuwa daktari, akaitwa Mganga. Mpiga tromboni Julian Priester aliitwa Pepo Mtoto, na sijui wangapi wetu tungethubutu kujiita hivyo.

Airto Moreira, Mbrazili aliyekuwa amepita kwa Miles Davis, kwenye albamu ya kwanza ya Weather Report na kwenye Return to Forever, kundi la mpiga kinanda Chick Corea, yuko kwenye ala za kugonga. Wagner Tiso, aliyezaliwa Três Pontas hukohuko, anapiga ogani na piano. Robertinho Silva yuko kwenye drams. Hawa wawili walikuwa wakipiga na Milton nyumbani. Wamarekani wengine, akina David Amaro, Jay Graydon na Dave McDaniel, wanagawana magitaa na besi.

Hatua ya 2: Andaa sauti na muda

Albamu inapatikana kwenye huduma zote kubwa za muziki wa mtandaoni. Tafuta kwa kuandika jina la Shorter na jina la albamu pamoja. Kama bando lako ni la kubana, ipakue mara moja ukiwa kwenye waifai, kisha isikilize bila intaneti. Hakikisha umezima mpangilio wa kuchanganya nyimbo. Zima pia ile mipangilio ya simu ya kuongeza besi: albamu hii ilirekodiwa kwa mizani nzuri, na besi ikivimba inamfunika Milton anaposhuka chini.

Spika ndogo za bluetooth hazitoshi kwa mara ya kwanza. Zinameza besi na kumeza vile vitu vidogovidogo vya Airto. Tumia hedifoni, hata za bei ya kawaida, mradi pande zote mbili zinafanya kazi. Nasema hivyo kwa sababu najua wengi wetu tunasikilizia upande mmoja uliobaki hai.

Igawe albamu kama ilivyogawanywa kwenye santuri. Upande wa kwanza una nyimbo nne: Ponta de Areia, Beauty and the Beast, Tarde, na Miracle of the Fishes. Hizo ni kama dakika 21. Upande wa pili una tano: Diana, From the Lonely Afternoons, Ana Maria, Lilia, na Joanna's Theme. Siku ya kwanza sikiliza upande mmoja, kesho yake upande wa pili. Waliopanga nyimbo hizi walijua kwamba baada ya wimbo wa nne mtu atainuka kugeuza santuri, na ile pumzi wimbo wa nne unaihitaji kweli.

Hatua ya 3: Hesabu tisa kwenye Ponta de Areia

Hapa ndipo pa kukaa. Ukiupata wimbo huu wa kwanza, zilizobaki zinajifungua zenyewe.

Mara ya kwanza usihesabu chochote. Sikiliza ile sauti ya juu kabisa ya Milton inayofungua albamu. Wengi hudhani ni mwanamke, au mtoto. Ni mwanamume wa miaka 31 anayeimba kwa sauti ya kichwani, na haitetemeki. Tuni yenyewe ni fupi na rahisi, inajirudia, na mtoto wa darasa la pili angeishika kwa siku moja.

Sasa jaribu kupiga makofi pamoja nayo, moja mbili tatu nne, kama unavyofanya kwa wimbo wowote. Utateleza. Mstari utaanza upya wakati wewe uko katikati ya hesabu. Sababu ni kwamba mstari mmoja unabeba mapigo tisa. Watunzi wengi wa jazi wakitumia hesabu ya ajabu hutaka uione, wakupe jasho. Hapa imefichwa ndani ya wimbo wa kitoto na huioni mpaka uitafute.

Ili kuipata, tumia mkono. Acha kidole gumba kitembee kwenye pingili za vidole vitatu, cha shahada, cha kati na cha pete, kama mtu anayevuta tasbihi asiyekuwa na tasbihi. Kila kidole kina pingili tatu, kwa hiyo vidole vitatu vinakupa tisa kamili. Anza kwenye pingili ya kwanza pale mstari unapoanza. Ukifika mwisho wa kidole cha pete, rudi mwanzo. Kama unarudi mwanzo na mstari haujaisha, au umeisha kabla yako, basi unahesabu haraka au polepole kuliko mapigo ya wimbo. Badilisha mwendo, usibadilishe idadi. Baada ya mizunguko kadhaa, kurudi kwako kwenye pingili ya kwanza kutakutana na Milton akianza upya, na utahisi kitu kimekaa mahali pake.

Usijilazimishe kuigawa tisa hiyo katika tatu-tatu au nne na tano. Waachie wanaosoma nota. Wewe kaa na mzunguko.

Kisha sikiliza kinachotokea saksafoni inapoingia. Shorter anapiga soprano, saksafoni ya sauti ya juu, na anachokipiga kwanza ni tuni ileile ya Milton. Hakuipamba, hakuikimbiza. Halafu wimbo unabadilika, ridhimu inashika kasi, na soprano inapewa nafasi ya kusema lake, kabla ya ile tuni ya mwanzo kurudi. Ukimaliza, rudia kutoka mwanzo bila kuhesabu.

Sasa ndipo ujue wimbo unahusu nini. Mashairi yake yaliandikwa na Fernando Brant, na yanazungumzia reli ya Bahia-Minas, iliyokuwa ikiunganisha bara la Minas na pwani ya Bahia. Ponta de Areia ilikuwa kituo cha mwisho upande wa bahari. Reli ikafungwa katika miaka ya 1960 na kung'olewa. Kwenye mashairi yupo dereva mzee wa treni na kofia yake, anakumbuka watu waliokuwa wakija stesheni kwa shangwe. Zipo nyumba zilizosahaulika na wajane wamesimama milangoni. Aliyekulia mji wa reli halafu treni ikaacha kuja hatahitaji mkalimani. Na ile sauti ya kitoto ya mwanzo, ukiirudia ukijua hivyo, haisikiki tena kama ya kitoto.

Hatua ya 4: Msikilize Shorter kama mwimbaji wa pili

Kwenye rekodi nyingi za jazi, tuni husemwa mara moja kisha kila mpigaji anapewa zamu ya kuonyesha alichonacho, na tuni inarudi mwishoni. Ukiisubiri zamu hiyo kwa Shorter hapa, utasema amebana. Anayependa saksafoni za kufukuzana atalalamika, na ana haki yake. Mimi naona kubana kwenyewe ndiko kulikoifanya albamu.

Zoezi ni hili. Chagua wimbo wowote wenye uimbaji. Kila mara jiulize: nani ameshika tuni sasa hivi, Milton, saksafoni, au wote wawili? Wakiwa wote wawili, sikiliza nani yuko juu na nani yuko chini, maana Milton anaweza kupanda mpaka juu ya saksafoni, jambo ambalo waimbaji wachache wa kiume wanaliweza. Halafu sikiliza mahali Shorter anapokaa kimya. Atamwacha Milton amalize mstari mzima, kisha ataingiza sauti mbili tatu, kisha kimya tena.

Wakati huohuo jifunze kutofautisha saksafoni zake mbili. Soprano ni nyembamba na kali kidogo, inakaribia zumari ya pwani. Saksafoni ya tena ni nene, ina kifua, na ikipigwa kwa nguvu inakwaruza. Shorter anabadilisha kati ya hizo mbili kulingana na nafasi anayoachiwa na sauti ya mwimbaji. Kwenye kila wimbo andika pembeni ni ipi kabla hujaangalia maelezo ya mtu mwingine. Nyimbo tisa zinatosha kukufanya usikosee tena maisha yako yote.

Hatua ya 5: Mnyama na mrembo

Wimbo wa pili, Beauty and the Beast, ni wa Shorter mwenyewe na hauna mwimbaji. Ndio ulio karibu zaidi na fyusheni kama watu wanavyoifahamu: fanki, besi nzito, piano ya Hancock inayochokonoa. Jina linakuambia cha kutafuta. Kuna sehemu ya mnyama, yenye mdundo wa kukanyaga, na kuna sehemu ya mrembo, inayofunguka ghafla ikawa laini na ndefu. Zinapokezana.

Unachotakiwa kukamata ni ile sekunde ya mpokezano. Funga macho, na kila sehemu inapobadilika inua kidole. Mara za mwanzo utainua ukiwa umechelewa. Ukianza kuinua kwa wakati, maana yake umeanza kusikia kordi za Hancock zikijiandaa kabla ya zamu, na hilo ndilo sikio la jazi lenyewe. Hancock mwaka mmoja tu nyuma yake alikuwa ametoa albamu ya fanki, Head Hunters, iliyouzwa vibaya mno, kwa maana ya kuuzwa sana. Alijua fanki inavyopikwa. Angeweza kuujaza wimbo huu. Sikiliza ni kiasi gani amekiacha nje.

Hatua ya 6: Tarde na Miracle of the Fishes, mfululizo

Hizi mbili usizitenganishe.

Tarde ni ya polepole sana. Ni ya Milton na Márcio Borges, na Milton alikuwa ameshairekodi nyumbani mwishoni mwa miaka ya 1960. Kama kuna mahali utashawishika kuruka mbele, ni hapa. Usiruke. Fuata besi peke yake kwa wimbo mzima. Aliyezoea rumba anajua kufuata gitaa la solo. Kufuata besi kwenye wimbo wa polepole ni kazi nyingine, kwa sababu kila sauti ya besi inabadilisha maana ya ile sauti ya Milton iliyo juu yake. Anaweza kuwa ameshikilia sauti moja, haitikisiki, na kumbe chini yake sakafu imehama mara tatu. Hayo ndiyo mafunzo ya kanisani Minas, na ndipo Shorter, aliyekuwa akitunga kordi za kuhamahama tangu kwa Miles Davis, alipokutana na ndugu yake.

Miracle of the Fishes ni kinyume chake, ni moto. Asili yake ni Milagre dos Peixes, wimbo wa Milton na Brant uliobeba jina la albamu ya Milton ya 1973. Brazili ilikuwa chini ya utawala wa kijeshi tangu 1964, na baada ya amri ya Desemba 1968 wakaguzi walikuwa wakikata mashairi, tamthilia na magazeti. Nyimbo kadhaa za albamu hiyo zilikataliwa maneno yake. Milton hakuziondoa. Aliziimba bila maneno: vilio, minong'ono, sauti za koo tu. Wakaguzi walikuwa na mkasi wa kukata maneno, na pale hapakuwa na neno la kukata.

Ukishajua hilo, rudi kwenye albamu nzima na uangalie ni mara ngapi Milton anaacha maneno na kuimba sauti tupu. Kwa msikilizaji wa Marekani mwaka 1975 ilikuwa mbinu ya kupendeza, inayofanana na saksafoni. Kwa Mbrazili ilikuwa na historia nyingine. Zote mbili zimo kwenye pumzi ileile, na saksafoni ya Shorter iliyo pembeni yake inazidisha, kwa sababu nayo haijawahi kuwa na maneno.

Hatua ya 7: Upande wa pili

Huku tutakwenda haraka, kwa sababu zana unazo tayari.

Diana ni fupi, kama dakika tatu, ni saksafoni na piano bila haraka yoyote. Ichukulie kama kufungua dirisha la upande wa pili. From the Lonely Afternoons ni fupi pia na ina mwendo; tumia lile zoezi la nani ameshika tuni.

Ana Maria inastahili muda. Shorter aliuandika kwa ajili ya mke wake, aliyekuwa na asili ya Ureno. Soprano ndiyo inayoongoza, na tuni yake haina mahali pa kukaa: kila ukidhani imefika nyumbani inageuka kwenda mtaa mwingine. Jaribu kuipiga mluzi baada ya kuusikiliza. Utaanza vizuri na utapotea katikati. Rudia ile sehemu uliyopotea, hiyo tu, mpaka mluzi uvuke. Wapiga jazi wameupiga wimbo huu kwa miongo mingi, na ukiuvuka kwa mluzi utaelewa unawavutia kwa nini.

Lilia ndio mrefu kuliko zote, zaidi ya dakika saba. Umeitwa kwa jina la mama aliyemlea Milton. Kwenye Clube da Esquina ya 1972 aliuimba bila maneno, na hapa pia. Huu ndio wimbo ambao bendi nzima inaachiwa kamba, kwa hiyo usiusikilize kwa hedifoni tu. Uweke siku moja kwenye spika kubwa.

Joanna's Theme, unaofunga, ni wa Hancock, na aliuandika kwa filamu ya Death Wish ya mwaka 1974. Ndiyo, ile ya Charles Bronson. Waliokuwa wakimfuata Bronson kwenye majumba ya sinema huenda walishaisikia tuni hii wakisubiri risasi. Hapa haina risasi.

Hatua ya 8: Sasa tafuta ngoma

Ngoma nimeziweka mwishoni kwa makusudi. Ukianza nazo utamsikia Airto kama pambo. Ukija kwake ukiwa umeshashika tuni, unagundua anajibu tuni.

Weka hedifoni, chagua Lilia, na usahau kila kitu isipokuwa vitu vya kugonga, kutikisa na kukwaruza. Tenganisha kwanza drams za Robertinho Silva, ambazo ndizo zinazoshika mwendo, na vitu vya Airto, vinavyokuja na kuondoka. Mengi ya makabati ya wapiga ala za kugonga wa Brazili yana vitu vyenye asili ya Afrika: berimbau, ule upinde wenye kibuyu, na cuíca, ngoma inayolia kwa kusuguliwa kijiti kilichofungwa ndani ya ngozi, zote zinahusishwa na watu wa Angola na Kongo waliopelekwa huko utumwani. Airto ndiye aliyezizoesha nyingi kwenye studio za jazi za Marekani. Kabla yake, mpiga ala za kugonga kwenye jazi alitarajiwa awe mtu wa konga na bongo za Kuba. Yeye alikuja na meza iliyojaa kengele, manyanga na filimbi, na akapiga kwa rangi zaidi kuliko kwa mdundo.

Usijali kama huwezi kutaja kila chombo kwa jina. Angalia tu ni lini kinaingia. Mara nyingi ni pale Milton anapovuta pumzi.

Hatua ya 9: Kwa anayepiga

Kama unapiga kinanda kanisani, gitaa kwenye bendi ya hoteli, au unaimba kwaya, albamu hii ni shule ya bure. Anza na Ponta de Areia. Imba mstari mpaka uwe kichwani, kisha utafute kwenye ala yako bila kuangalia nota za mtu. Baada ya tuni, tafuta sauti ya besi chini ya kila mwanzo wa mstari. Kordi zijaze mwisho. Wengi wetu huanza na kordi, ndiyo maana tunapiga nyimbo za watu zikawa kama zetu.

YouTube ina kitufe cha kupunguza mwendo. Shusha hadi 0.75 au 0.5 kwa sehemu ngumu. Ukiwa na kompyuta, programu ya bure ya Audacity inapunguza mwendo bila kubadilisha kimo cha sauti, na unaweza kukata sekunde nne ukazirudia mfululizo. Sehemu ya kufaa kukata ni ule mpokezano wa Beauty and the Beast.

Kwa waimbaji: msimwige Milton kwenye sauti ya juu kwa nguvu. Sauti ile haitoki kwa kusukuma. Anza chini kabisa, kwa sauti ndogo, na ukisikia koo linakaza acha. Wanakwaya wa sauti ya tena wenye haraka wameharibu makoo kwa mambo madogo kuliko haya.

Hatua ya 10: Pa kwenda kutoka hapa

Nenda kwanza Minas, kabla ya kwenda kwenye fyusheni nyingine. Sikiliza Clube da Esquina ya 1972, kisha Milagre dos Peixes ya 1973, kisha Minas ya 1975, ambayo ina Ponta de Areia ya nyumbani. Ilinganishe na ya Native Dancer wimbo kwa wimbo. Baada ya hapo isikilize Milton ya 1976, aliyoirekodi Marekani, ambamo Shorter, Hancock na Airto wanarudi, safari hii wao wakiwa wageni wake.

Ukitaka kusikia njia nyingine ya kuchanganya jazi na Brazili, chukua Light as a Feather ya Return to Forever, yenye Chick Corea, Airto, na mkewe Flora Purim akiimba. Ile ni ya jua kali na mbio. Getz/Gilberto ya 1964, albamu ya bossa nova, ni ya ufukweni, na ukiisikiliza sasa utaelewa kwa nini nilisema Milton hatokei huko. Still Life (Talking) ya Pat Metheny Group, ya 1987, inaonyesha sauti za kuimba bila maneno zilivyokuja kuwa desturi ya fyusheni miaka zaidi ya kumi baadaye.

Mashabiki wa soul wana mlango wao. Kwenye All 'N All ya Earth, Wind & Fire, mwaka 1977, kuna vipande viwili vifupi vinavyoitwa Brazilian Rhyme. Kile chenye tuni ya Ponta de Areia kisikilize ukiwa na kidole gumba kwenye pingili. Na Esperanza Spalding, mpiga besi na mwimbaji wa Marekani, alifungua albamu yake ya 2008 kwa Ponta de Areia. Mwaka 2024 akatoa albamu nzima pamoja na Milton mwenyewe, mzee wa zaidi ya miaka 80, sauti ikiwa imeshuka na kukwaruza. Hiyo iache iwe ya mwisho kwenye orodha.